Namna ya Kuipa Jina Kampuni ya Fedha Ukiwa Arua, Koboko Wasikucheke

Kijana wa Arua, Uganda, akipata wazo la biashara ya fedha za simu, hatafuti mtaji kwanza, wala mteja. Anatafuta jina. Anakesha kwenye intaneti akichungulia majina ya tovuti yanayouzwa kwa maelfu ya dola, kila moja likisifiwa kuwa la kipekee na la kimataifa, na alfajiri anaibuka na neno lenye Q isiyo na U, Z mbili zilizoshikana na Y iliyokalia kiti cha I. Nyuma yake anabandika Pay. Kisha anawaita wenzake wamsaidie kulitamka.

Ndugu yangu, ukishaitisha kikao ili watu wajifunze kutamka jina la kampuni yako, umeshachelewa. Kaa chini tuanze upya.

Jua kwanza unamwuzia nani. Barabara ya lami inayotoka Vurra mpakani mwa Congo, ikapita Arua na Koboko, ikaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina kilomita 92 tu. Katika hizo 92 utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kialur, Lingala, Kiarabu cha Juba, Kiswahili na Kiingereza, na ukipanda gari la abiria utasikia nusu yake kabla gari halijajaa. Mteja wako ni mama anayepeleka samaki wakavu Ariwara, upande wa Congo, siku ya soko. Ni dereva wa lori la Juba aliyelala Oraba akisubiri karatasi za forodha. Ni mkimbizi wa Kikongo aliyeko kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule, anayengoja ujumbe wa simu umwambie kwamba posho imeingia. Hakuna hata mmoja wao atakayeona orodha ile ya majina ya maelfu ya dola, na hao ndio watakaoamua jina lako lina thamani au halina.

Kwa hiyo lipeleke jina lako mtihanini kabla ya kulilipia. Nenda stendi ya Koboko saa za asubuhi, jenereta zikiwa zinanguruma na makondakta wakigombania abiria. Mpigie simu mtu aliyesimama upande wa pili, mtajie jina mara moja tu, halafu mwambie aliandike kwenye karatasi. Rudia kwa Mkakwa, kwa Mnubi, kwa muuza kitenge kutoka Aru. Watu watatu wakikuandikia majina matatu, ujue umefungua tovuti tatu, na mbili kati ya hizo atazimiliki tapeli.

Usinijibu kwamba watu watazoea. Mtu aliyeshika noti zake mkononi hana muda wa kuzoea tahajia yako. Anatazama jina, akishindwa kulisoma anavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha njano cha MTN.

Herufi zenyewe zina mitego huku kwetu. Chukua C. Ombaci, pale pembeni mwa Arua, inaishia kwa "chi" mdomoni mwa wenyeji. Aliyesoma Kiingereza ataiita "si", na Mswahili hana kazi na C isiyo na H. Itie C hiyo katikati ya jina la kampuni ya fedha uone: meneja wa benki atalisoma hivi, mtangazaji wa redio vile, na mteja atakaa kimya asiaibike. Au chukua neno zuri kuliko yote kwa biashara, asante ya Walugbara: awa'difo. Ningefurahi sana kuliona kwenye ubao. Lakini ile alama iliyotangulia D ni sehemu ya sauti yenyewe, na anwani ya tovuti haiipokei. Kwa kawaida inapokea herufi za A hadi Z, tarakimu na kistari cha katikati. Ukiiondoa utabaki na awadifo, ambayo Mlugbara ataielewa, ila jiandae: mzee mmoja atakuuliza kwa nini umelikata neno lake shingo, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Maana nayo hubadilika kila ukivuka mpaka. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, jina lilikuwa limekamilika kwa msemaji wa Kiswahili: M ya simu ya mkononi, pesa ni pesa. Vodacom ikalipeleka Congo mwaka 2012. Kwa Lingala, pesa ni kitenzi, maana yake toa, nipe. Muuzaji wa Ariwara anaposoma M-Pesa kwenye kibanda, jina linamwamuru atoe. Kwa bahati jina hilo limepona, kwani kutoa na kupokea ndiyo kazi ya mle kibandani. Lako huenda lisipone. Kabla hujachapa fulana, mtafute Mkongo mmoja, Mnubi mmoja na mtu mmoja wa Yei, Sudan Kusini, wanunulie soda, watajie jina na waambie wacheke wakitaka. Kicheko cha hapo ni bure. Kicheko cha siku ya uzinduzi, mkuu wa wilaya akiwa amekaa mbele, utakilipia.

Wasudani Kusini walifanya kazi hiyo vizuri. Huduma yao ya fedha za simu iliyoanza mwaka 2019 waliiita m-Gurush. Gurush ni fedha kwa Kiarabu cha Juba, na kwa Kinubi pia, kwa hiyo mtu wa Koboko analielewa jina hilo kabla hata hajavuka kwenda Kaya. Halikuhitaji mshauri kutoka ng'ambo ili lipatikane. Lilikuwa sokoni tayari, watu wakilitumia kuulizia bei ya nyanya.

Ila hiyo M nayo ipumzisheni. Baada ya M-Pesa kila mtu aliitaka: Uganda Telecom ikaleta M-Sente mwaka 2010, Kenya ikapata M-Shwari na M-KOPA. Walikuwa wa kwanza, wana udhuru wao. Wewe unayeanza leo na M yenye kistari unasimama nyuma ya foleni ndefu sana. Na kistari chenyewe ni taabu. Kwenye redio utakisomaje? Mtangazaji akitaja jina lako katika kipindi cha asubuhi, itabidi aseme M, kisha kistari, kisha jina, kisha nukta, na msikilizaji ameshakwenda kuchota maji. Ukiking'ang'ania, nunua na jina lisilo nacho, maana wateja hawatakiandika hata ukiwalipa.

Kuhusu Pay, naomba serikali iweke kodi. Jina hilo lilikuwa na maana mwaka 1999 na 2000, wakati PayPal inapambana na X.com ya Elon Musk, kampuni hizo mbili zikaungana na mwishowe jina PayPal likabaki, kwa kuwa mtu akilisikia anajua la kufanya. Leo kila mwenye tarakilishi ana Pay yake. Ukipanga majina kumi ya namna hiyo kwenye simu ya mteja wa Maracha, atabonyeza lolote, na si lazima liwe lako.

Sasa tuseme ukweli ambao wauza majina hawautaji. Wateja wengi wa West Nile, eneo letu hili, hawaandiki anwani ya tovuti kabisa. Wanapiga nyota 165 reli, au nyota 185 reli. Kwa mamilioni ya Waganda hizo ndizo anwani za MTN na Airtel, na watoto wanazijua kabla ya kujua namba ya polisi. Simama karibu na kibanda chochote cha Koboko uangalie. Mbao zimepakwa rangi ya njano au nyekundu, dirisha lina nondo, ndani kuna meza, simu ndogo mbili tatu za vitufe, na daftari la mistari ambamo wakala anaandika tarehe, namba ya simu, kiasi na jina, kisha mteja anatia sahihi kwa kalamu iliyofungwa uzi isitembee. Mteja anauliza, "Mama, floti ipo?" Floti, yaani fedha za wakala za kufanyia miamala, ikiwepo, biashara imekwisha kwa dakika tatu. Juu ya dirisha kuna ubao wa jina wenye upana wa mbao mbili. Jina lako la herufi kumi na nne litaingia hapo kwa shida, na fundi wa rangi atazibana tatu za mwisho hadi zisisomeke. Pima ubao huo kwa rula kabla ya kununua jina. Sifanyi mzaha: nenda na rula.

Basi tovuti ni ya nini? Ni ya benki itakayotaka kujua wewe ni nani, ya mwekezaji wa Nairobi, ya mwandishi wa habari, ya barua pepe za ofisi. Zaidi ya hayo yote ni ya siku mteja wako atakapopokea ujumbe wenye kiungo, ukimwambia akaunti yake imefungwa na abonyeze hapa. Siku hiyo thamani ya jina itapimwa kweli. Kama jina lako ni fupi, linaandikwa kwa njia moja tu na amelizoea, ataona kwamba O imegeuzwa sifuri na ataufuta ujumbe. Kama jina lako lenyewe ni fumbo la Q na Z, atajuaje lipi ni fumbo la kampuni na lipi ni la mwizi? Ndiyo maana nasema tahajia ya ajabu katika biashara ya fedha ni dhuluma kwa mteja. Kwenye duka la nguo ni urembo, haimpunguzii mtu kitu. Huku inamwachia mama wa samaki kazi ya upelelezi aliyopaswa kuifanya mwenye kampuni. Nunua jina lako, nunua na yale mawili matatu yanayofanana nalo, yote yaelekeze mahali pamoja. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha uzinduzi.

Tukifika kwenye mkia wa jina, yaani kile kinachokaa baada ya nukta, Koboko ina bahati ya pekee. Pale Salia Musala nchi tatu zinakutana, kwa hiyo umesimama kati ya .ug, .ss na .cd. Ile ya Sudan Kusini iliingizwa kwenye mfumo wa dunia mwaka 2019, miaka minane baada ya uhuru. Ya Congo ilikuwa .zr hadi Zaire ilipofutwa mwaka 1997, na waliojenga majina yao juu ya .zr ilibidi wahame. Kijana anayetaka .io kwa sababu kampuni za California zinayo, aelewe kwamba mkia huo ni wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, eneo ambalo Uingereza na Mauritius wamelizozania kwa miaka mingi. Sioni sababu ya mtu wa Arua kuweka fedha za watu chini ya bendera inayogombaniwa na wengine. Ya kwetu, .ug, ipo tangu 1995, na .co.ug inamwambia mteja wapi aende kulalamika. Chukua hiyo, na .com kama bado haijachukuliwa. Nyingine zote waachie wenye haraka.

Kuna wanaodhani neno Arua lenyewe litatosha kuwapa heshima ya nyumbani. Mwulize mtu wa Kampala ilipo Arua Park, atakuonyesha katikati ya Kampala, pale mabasi ya West Nile yanapopakia. Intaneti nayo itakuonyesha huko huko. Na mtu wa Koboko, mwenye wilaya yake tangu 2005, atataka kujua kama kampuni yenye jina la Arua inamhudumia yeye au inampitia tu njiani kwenda Oraba. Ukimweleza kwamba Arua hapo ni nembo tu, umerudi kule kule kwenye kikao cha kufundisha jina.

Jina bora kuliko yote yaliyowahi kuzaliwa Arua halikununuliwa na mtu. Ni la wale vijana waliouza petroli ya magendo kutoka Congo kwa madumu na chupa kando ya barabara: OPEC Boys. Maneno mawili mafupi. Ukiyasikia unajua wanauza nini, unacheka, na huyasahau. Mitaa iliyapitisha bila kura, na watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya waliokuja kuandika juu ya magendo ya mpakani wakayatumia hivyo hivyo. Usiyachukue kwa kampuni yako, maana OPEC yenyewe iko Vienna na ina mawakili wa kutosha kukuandikia barua. Chukua namna yalivyopatikana: watu walitazama jambo linalofanyika mbele yao, wakaliita kwa neno walilokuwa nalo mdomoni. Safaricom walifanya karibu hivyo mwaka 2019 walipochukua kitenzi cha Kiswahili, fuliza, wakakipa mkopo wa papo kwa papo, na leo Mkenya anasema amefuliza bila kukumbuka kwamba hilo ni jina la bidhaa. Wendi, pochi ya simu iliyoanzishwa na PostBank ya Uganda, nayo imekaa vizuri. Msemaji wa Kiganda anasikia "pale nilipo". Mlugbara hasikii kitu, lakini anaitamka sawa mara ya kwanza, na aliyepokea fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, kupitia humo hawezi kuichanganya na nyingine.

Jambo ambalo sitalipunguza makali ni jina linalodanganya. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni iliyoendesha programu mbili za mikopo, kwa kutumia namba za simu za watu wa tatu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Programu moja iliitwa Faircash. Fedha za haki! Mtu anakopa kidogo, anachelewa, na mkwewe anapigiwa simu kutukanwa na Fedha za Haki. M-KOPA kwa upande wake imejiita kopa: unajua mapema kwamba hiki ni cha kukopa na kitalipwa. Sipendi madeni, lakini jina hilo naliheshimu. Ukianzisha kampuni ya mikopo Koboko, usiiite Rafiki, usiiite Huruma, usiiite Mama. Na usiweke neno benki popote ikiwa huna leseni ya benki. Sheria ya Uganda inakataza, na hata isingekataza, mkulima wa tumbaku aliyeweka akiba yake kwako kwa sababu ya neno hilo angekuwa ameibiwa tangu siku ya kwanza.

Bei sasa. Ni kweli kuna majina yaliyouzwa kwa fedha za kutisha: voice.com ilinunuliwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30. Mnunuzi alikuwa na mabilioni aliyochangisha kwa sarafu za kidijitali. Wewe una hati ya shamba la mjomba. Jina jipya la .com ambalo hakuna mwenye nalo hupatikana kwa dola kumi na kidogo kwa mwaka. Anayekuuzia la dola 5,000 kwa sababu programu fulani imelikadiria hivyo, mwambie alinunue mwenyewe kwa bei hiyo. Hizo 5,000 zigawe kwa mawakala wako wa Oraba ziwe floti, kwa kuwa mteja akikuta "floti imeisha" mara ya pili, hata jina la dhahabu halimrudishi. Kampuni ya simu ya Zain ilikuwa na huduma ya fedha iliyoitwa Zap, herufi tatu, tamu mdomoni kwa kila kabila. Bharti Airtel ilinunua biashara ya Zain ya Afrika mwaka 2010, Zap ikaondoka, ikaja Airtel Money, jina refu lisilo na utamu wowote, na watu wanalitumia hadi leo kwa sababu mawakala wapo.

Ukishalipata, lilinde. Jina la tovuti ni kama kiwanja cha kupanga: siku kodi inapoisha, mwingine anaweza kuingia. Krismasi ya mwaka 1999 Microsoft yenyewe ilisahau kulipia passport.com, huduma ya Hotmail ikayumba, na mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, asiye mfanyakazi wao, akawalipia dola 35 kwa kadi yake. Wewe hutampata msamaria huyo. Lilipie kwa jina la kampuni na kwa barua pepe ya kampuni, kamwe si kwa ya yule kijana aliyekutengenezea tovuti, kwa sababu kijana huyo atahamia Kampala, mtagombana juu ya salio, na siku hiyo utagundua kwamba mwenye kampuni ni yeye.

Kazi ya wiki hii, basi, ni hii. Andika majina matano ya maneno ambayo watu wa soko la Koboko wanayatumia tayari, yapeleke stendi kwenye ule mtihani wa simu, na yale yatakayopona yapeleke ofisi ya URSB, msajili wa biashara wa Uganda, pale Arua uone kama mtu mwingine hajayasajili. Lililobaki lisajili kama jina la biashara na kama alama ya biashara, siku hiyo hiyo nunua .co.ug yake na .com yake, ulipie miaka mitano. Fundi wa rangi mwite baada ya hapo.